Daftari la Bi Pingamizi

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tunalingana basi pokea salamu za mtu aliyekusoma miaka mingi akiwacheka wenzake wanaokuandikia, bila kudhani kwamba siku moja zamu itamfikia. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili, nina mume na binti mmoja, nafundisha chuo kikuu, na shida yangu haimhusu mume wala binti, kwa hiyo nakuomba usiiweke barua hii kando ukasema haya ni ya wasomi wenyewe kwa wenyewe, maana yumo mtu humu ndani aliyeumia, na aliyemuumiza ni mimi.

Nianze na kazi yangu ili unielewe. Nilisomea falsafa, na miaka yote nimekuwa nikihangaika na swali moja ambalo mama yangu hulicheka kila nikimweleza, nalo ni hili: mtu akitamka maneno, tunajuaje anafanya nini kwa maneno hayo, anaahidi, anatisha, anaomba, au anatafuta tu njia ya kuondoka? Mama husema, "Mwanangu, wenzio wanalijibu hilo sokoni wakiwa wamesimama, wewe umelikalia miaka tisa." Basi miaka minne iliyopita Idara ya Kompyuta wakawa wanatafuta mtu wa kuwasaidia kuifundisha mashine kutambua ahadi, onyo na maombi katika mazungumzo ya watu, wakaniazima kutoka Falsafa, na nikawa na ofisi mbili, moja ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani, ina dirisha lisilofunga na rafu iliyopinda katikati kwa uzito wa vitabu, nyingine chini kwenye jengo jipya, ina zulia la kijivu na baridi ya kuvalia sweta. Wenzangu wakanitania kwamba mshika mbili moja humponyoka, nami nikawajibu kwamba Mungu alinipa mikono miwili kwa sababu. Juu wananiita mtu wa kompyuta, chini wananiita mwanafalsafa, na kote kuwili hawasemi kwa kunisifu.

Kazi ya chini ilikuwa hivi. Tulikusanya mazungumzo ya watu, kwa ruhusa yao, tukayakatakata tukapata sentensi elfu nne, kisha tukaajiri watu watatu wa kuzisoma na kuzipa lebo, kila mtu kwa nafsi yake bila kuulizana, hii ni ahadi, hii ni onyo, hii ni ombi, hii ni ushauri, hii haimo. Wawili wakikubaliana, wa tatu ameshindwa, na lebo ya wale wawili ndiyo inayopewa mashine ijifunze. Mwishoni unapiga hesabu kuona watatu hao wamekubaliana kwa kiasi gani, na wakikubaliana sana watu wanasema kazi yako ni ya kuaminika, wakitofautiana sana wanasema umepoteza muda wa chuo. Sikuutunga mimi utaratibu huo, mshauri, ndivyo kazi hii inavyofanywa.

Wawili kati ya watatu hao walikuwa mwalimu wa chekechea aliyekuwa likizo ndefu na kaka mmoja aliyewahi kuuza simu, na tuliwaita Mapacha ingawa hawana hata tone la udugu, kwa sababu walikaa meza moja, wakacheka pamoja, na lebo zao zilifanana kama waliozaliwa siku moja. Wa tatu alikuwa mama mstaafu aliyefanya kazi ya ukarani wa mahakama miaka thelathini na minne akiandika maneno ya mashahidi. Alikuja na mto wake wa kukalia, miwani yenye kamba shingoni, na daftari nene lenye jalada gumu. Mapacha wakampachika jina la Bi Pingamizi kwa sababu hakuna lebo yao aliyoikubali bila vita, na yeye hakununa, alisema, "Niiteni tu wanangu, mahakamani pingamizi si tusi."

Nikupe mfano mmoja. Ilikuja sentensi, "Usijali, tutakupigia." Mapacha wote wawili, ahadi, hata sekunde mbili hazikupita. Bi Pingamizi akavua miwani, akaivaa tena, akaniita, "Mwalimu, huyu aliyesema atapiga, alimuuliza mwenzake namba ya simu?" Nikamwambia, "Bi, tunaangalia sentensi tu, yaliyotangulia hatuyahitaji." Akasema, "Mimi nimeyasoma yote toka mwanzo. Hakuna aliyeuliza namba, na hakuna aliyeitoa. Hapa hakuna ahadi, hapa mtu anaonyeshwa mlango kwa heshima." Na mwongozo wa kazi, ambao niliuandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu, ulisema kila sentensi isomwe peke yake, kwa hiyo kwa mujibu wa mwongozo yeye ndiye aliyekosea. Mapacha wakimaliza sentensi mia mbili, yeye yuko kwenye arobaini, na kila asipokubaliana anaandika sababu kwenye lile daftari. Nikimuuliza ya nini, anasema karani asiye na kumbukumbu ni mpita njia tu.

Hesabu ilipopigwa ikatoka vibaya. Mkuu wa Maabara, ambaye si mtu mbaya ila ni mtu wa haraka, akaitazama akasema, "Mmoja anatuharibia kazi ya watatu. Mtoe." Na mimi, ambaye nilikuwa nimewasikia Mapacha kwa masikio yangu wakiulizana, "Hiyo umeweka nini?" "Weka ombi tu, twende," na nikapita kama sikusikia, nilimwandikia Bi Pingamizi barua ya mistari mitatu nikimwambia kwamba ubora wa lebo zake haukufikia kiwango.

Alikuja kesho yake amevaa vizuri, akarudisha ufunguo, akarudisha kadi ya mlangoni, kisha akaweka daftari mezani kwangu, akalifungua ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameandika kwa ule mwandiko wao wa mahakamani, "Nimekabidhi daftari hili lenye kurasa themanini na nane," chini yake "Aliyekabidhi," na sahihi yake, na chini zaidi "Aliyepokea," na nukta nukta. Akaweka na kalamu juu yake. Mimi nilikuwa nimeshika simu naongea na watu wa semina, nikamwashiria kwa mkono kwamba liache tu hapo, Bi. Akasubiri nimalize. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu, "Mwalimu, kwa hiyo mimi sikuelewa maneno?" Nikamjibu, "Hapana Bi, ni mambo ya takwimu tu." Akachukua mto wake, akaaga, akaondoka.

Baada ya yeye kutoka, hesabu ikapanda vizuri mno. Tukaandika makala, ikatoka kwenye jarida la watu wa kompyuta, na kwenye tanbihi tukaweka kwa herufi ndogo, "Mweka lebo mmoja aliondolewa kwa sababu ya ubora mdogo." Hiyo ilikuwa mwaka juzi.

Sasa sikiliza, mshauri, hapa ndipo penyewe. Lile daftari lilichanganyika na makaratasi yangu likapandishwa ghorofa ya tatu, likakaa chini ya rundo la mitihani mwaka mzima, mpaka alasiri moja nikiwa nimechoka kusahihisha nikalifungua nijiburudishe kidogo. Sikuinuka kwenye kiti mpaka nilipofika ukurasa wa themanini na nane. Nakuapia, swali nililolihangaikia miaka yote hiyo lilikuwa limejibiwa mle ndani, kwa kalamu ya bluu, na mama ambaye hajawahi kukaa kwenye darasa la falsafa. Sentensi, "Ukiondoka, usirudi," Mapacha wameweka onyo. Yeye ameweka ombi, na sababu: "Nimewaandika watu wengi waliosema maneno haya. Wengi wao walikuwa wamelishika begi la mwenzao." Na ukurasa wa sitini na moja ameandika, "Ahadi haikai mdomoni. Inakaa kwenye kile msemaji alichokiacha wazi ili aje adaiwe." Nililia, nikawa na furaha, nikaanza kuandika siku ileile.

Nilikusudia kumtaja. Nakuomba uniamini hapo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na jina lake kamili. Lakini nilipofika kwenye kuandika yeye ni nani, nikakumbuka ile tanbihi ya chini, nikawaza mtu akisoma zote mbili atauliza, si huyu huyu mliyemfukuza kwa ubora mdogo? Nikalifuta jina, nikasema nitalirudisha nikipata namna nzuri ya kulieleza, na namna hiyo sikuipata. Makala ikatoka kwenye jarida la falsafa, na haijawahi kutokea nikaandika kitu kikapendwa vile. Ile sentensi ya ukurasa wa sitini na moja, niliyoibadilisha neno moja tu, nimeikuta ikinukuliwa na watu nisiowajua, jina langu kwenye mabano. Kwa hiyo chini nimemtoa kwa sababu haelewi maneno, na juu nimepanda kwa maneno yake, na kwa kuwa watu wa juu hawasomi ya chini na watu wa chini hawasomi ya juu, nilikaa salama.

Usalama umekwisha. Chuo kinafungua kitengo kipya cha kuziunganisha idara hizo mbili, wanatafuta mkuu wake, na kila mtu anasema nafasi hiyo imekatwa kwa kipimo changu. Tarehe ishirini mwezi ujao natakiwa kutoa mhadhara wa wazi mbele ya jopo kutoka pande zote mbili, na makala zangu mbili zitawekwa mezani zikiwa zimelala pamoja. Mwalimu wangu wa zamani, tunayemwita Mzee wa Chaki kwa sababu mpaka leo haandiki kwa kitu kingine, yumo kwenye jopo, na juzi kwenye ngazi alinishika bega akasema, "Mwanangu, nimesoma na ile ya kompyuta. Siku hiyo naomba utueleze, huyo mliyemwondoa alikuwa anasema nini?" Hakuwa na hila yoyote, ndivyo anavyouliza kila kitu.

Na haikutosha. Wiki iliyopita nimeingia duka la fotokopi mkabala na geti la chuo, nani amekaa pale pembeni na meza yake ndogo akiwasaidia watu kujaza fomu? Bi Pingamizi, na mto uleule. Akainuka, akanikumbatia, akasema, "Mwalimu, nimeona tangazo la mhadhara wako. Mlango si wazi kwa wote? Nitakuja, nitakaa nyuma, nisikie zile sentensi zetu zimeishia wapi." Nikamwambia karibu sana, Bi. Tangu siku hiyo chakula hakipiti.

Mume wangu ni fundi cherehani, mtu mpole, mtu ambaye hata kipande cha kitambaa kikibaki cha ukubwa wa kiganja anakikunja anakirudisha ndani ya nguo ya mteja. Nilimsimulia yote, akasimamisha cherehani, akafikiri, akasema, "Mke wangu, andika tu mwishoni kwamba unawashukuru wote walioweka lebo, yaishe." Mimi nafsi inaniambia nijitoe kwenye nafasi hiyo kimya kimya, niseme naumwa, apewe mwingine, makala zibaki kila moja jengoni kwake. Na kuna siku naamka nasema kwani sentensi moja ina nini, mbona sote tunajifunza kwa watu, hata mwanafalsafa gani aliwahi kumtaja kila aliyemsikia akiongea? Nishauri nishike lipi. Sitaki kumdhalilisha mama yule mara ya pili, na sitaki kusema uongo kwamba sitaki ile nafasi, naitaka sana.

Ni mimi, Mwenye Ofisi Mbili.

*

Mwenye Ofisi Mbili, marahaba, maana kwa hesabu zako mwenyewe nimekuzidi. Tulia kwanza, kula chakula chako. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kama anavyosoma yule mama. Falsafa sikusoma, na kompyuta naijua hii ya kuchapia majibu yenu, lakini mtu aliyeumizwa nikimwona namjua, na asiyetaka kumtazama usoni namjua zaidi.

Umeniletea njia tatu. Kujitoa ukisingizia ugonjwa, kumtupia shukrani pamoja na Mapacha wake, au kujiambia kwamba si kitu. Zitazame vizuri uone zinafanana wapi. Katika zote tatu, Bi Pingamizi anakaa kwenye meza yake ya fomu na wewe humwambii neno. Unasema hutaki kumdhalilisha mara ya pili, lakini kila unachokipanga ni kumzunguka. Hata huko kujitoa, ambako nadhani wewe unakuona ndiko kwa uungwana, ni kujificha tu kwa gharama kubwa.

Unaniomba nikuamini kwamba ulikusudia kumtaja. Nakuamini. Lakini makusudio hayo yalikufa siku ulipoona yatakugharimu, na wewe ndiwe uliyeyazika, usimtafute mchawi. Wala usiniletee habari za utaratibu wa kazi. Utaratibu ulisema kila mtu aweke lebo kwa nafsi yake. Mapacha waliulizana mbele yako ukapita. Bi alivunja mwongozo kwa kusoma zaidi, wenzake waliuvunja kwa kusoma kidogo, ukamtoa yule aliyesoma. Asante ya punda ni mateke, wahenga walishasema, nawe ukaongeza na tanbihi.

Sasa nikuulize mimi, kwa kuwa hiyo ndiyo fani yako. Mama mzima, aliyeandika maneno ya watu miaka thelathini na minne, alisimama mbele yako amevaa vizuri, akakuuliza kama hakuelewa maneno. Ukamjibu, "Ni mambo ya takwimu tu." Sentensi hiyo ipe lebo. Usiisome peke yake, soma na yaliyotangulia, soma na simu uliyokuwa umeshika. Ukishaipata lebo yake usiniandikie mimi, nenda nayo kwake, maana ndiyo ya kuanzia kuombea radhi. Mambo ya makala ni ya pili.

Utakwenda wiki hii, si baada ya mhadhara. Usimvamie pale dukani mbele ya wateja. Mwombe akuambie wapi na saa ngapi, yeye ndiye apange. Chukua makala zote mbili, zile zenyewe zilizochapishwa, na daftari. Usibebe zawadi. Ukifika na furushi atalazimika kukushukuru kabla hajajua anakushukuru kwa lipi, na hiyo ni hila hata kama hukuikusudia. Mweleze kwa maneno machache ulichofanya chini na ulichofanya juu, mwonyeshe ukurasa wa sitini na moja ukiwa kando ya sentensi yako, kisha nyamaza. Ni msomaji wa polepole, umesema mwenyewe. Mwache asome. Na tafadhali usilie mapema, kwa sababu ukianza kulia ataacha hasira yake aanze kukubembeleza, akina mama wa rika lile ndivyo walivyo, na utakuwa umempa kazi nyingine bila ajira.

Anaweza kukasirika. Anaweza kukufukuza. Ni haki yake, usibishane, usimweleze wanafalsafa wengine walifanya nini. Akimaliza muulize anataka jina lake likae wapi, kama mwandishi mwenzio au kama mwenye maneno yaliyonukuliwa, au asitajwe kabisa. Hilo la jina ni lake kuamua. Mengine hayahitaji ruhusa yake, utayafanya hata akikuambia yaache. Utawaandikia wenye jarida la falsafa kwamba hoja ile si yako peke yako na unataka isahihishwe. Utazirudisha lebo zake kwenye ile kazi ya chini, mpige hesabu upya, itoke itakavyotoka, na mseme hadharani imetoka hivyo. Mkuu wa Maabara atanuna. Wewe mwambie kwamba kama mashine inafundishwa ahadi na watu wawili wa meza moja wanaosema "twende," itakuwa inaahidi watu simu bila kuwa na namba zao.

Mhadhara usiukimbie. Tarehe ishirini nenda, vaa vizuri kama yeye alivyovaa siku ile, na swali la Mzee wa Chaki ulijibu kabla hajanyoosha mkono. Aliuliza aliyeondolewa alikuwa anasema nini. Ni swali zuri kuliko yote uliyoniandikia, na jibu lake unalo kurasa themanini na nane. Soma lebo za Mapacha, soma sababu za Bi, kisha sema mlimtoa na kwa nini, na kwamba ulichokuja kuandika juu ulikipata kwake. Hiyo ndiyo kazi ya kitengo wanachokifungua, kama nimeelewa, kuwafanya watu wa juu wasome ya chini na wa chini wasome ya juu, na wewe umekuwa ukifaidika kwa kuwa hawafanyi hivyo. Utapata nafasi? Sijui. Huenda wakampa mwingine, na itauma. Siwezi kukuahidi, nawe umeshasoma ahadi inahitaji nini.

Mumeo mpe salamu zangu. Mtu anayerudisha kipande cha ukubwa wa kiganja anajua vizuri kitambaa kilichobaki ni cha nani. Alipokuambia andika shukrani yaishe, alikuwa anakupenda tu, hakuwa anakushauri. Mwulize tena akiwa amekaa kwenye cherehani, umwambie mteja ni Bi Pingamizi.

Na jambo moja limenikaa kooni. Unaogopa siku atakapokuja kukaa nyuma na kugundua. Mwenzangu, mama yule anakaa kwenye duka la fotokopi mkabala na geti la chuo. Wanafunzi wako wanachapa wapi makala unazowapa wasome? Sina ushahidi, nami si karani. Lakini alikuambia anakuja kusikia "sentensi zetu" zimeishia wapi. Zetu, mwalimu. Yaliyotangulia unayajua, kwa hiyo hiyo nayo isome taratibu. Kama anajua, basi alikukumbatia akijua, na anakupa mpaka tarehe ishirini.

Mwisho, fungua lile daftari ukurasa wa mwisho. Pale penye "Aliyepokea" pana nukta nukta tangu mwaka juzi. Alikuwekea na kalamu, ukampungia mkono. Mkishamaliza yote, atakayokuwa amekusamehe na asiyokusamehe, liweke daftari mbele yake, andika jina lako kamili, tia sahihi akiwa anakutazama. Na tarehe uandike ya siku hiyo hiyo mliyokaa. Usiandike ya mwaka juzi, kwa sababu siku ile hukupokea kitu.

Mshauri wako.